Jinsi ya kuitazama Twin Peaks kwa masikio: mwongozo kamili kwa anayeianza leo

Ukiianza Twin Peaks kwa nia moja tu ya kujua nani kaua, kuna hatari uchoke kabla hujafika nusu. Ni kweli inaanza na maiti: asubuhi moja ya baridi, Laura Palmer, binti wa shule ya sekondari anayependwa na mji mzima, anakutwa kando ya maji amefungwa kwenye plastiki. Ila David Lynch na Mark Frost, waliotunga tamthilia hii, hawakuwa na haraka ya kulijibu swali hilo. Kituo cha ABC cha Marekani ndicho kilichowasukuma walijibu. Watu wanaoirudia leo, zaidi ya miaka 30 tangu irushwe tarehe 8 Aprili 1990, wanamjua muuaji vizuri. Wanarudi kwa sababu ikiwashwa tu, chumba kinabadilika.

Anayekibadilisha hicho chumba, kwa kiasi kikubwa, ni mtunzi wa muziki Angelo Badalamenti, mzaliwa wa Brooklyn. Katika tamthilia nyingi muziki unamfuata mhusika: akilia, vinanda vinalia naye. Hapa mara nyingi muziki unajua jambo kabla ya mhusika, na mtazamaji anayesikiliza anajua kabla ya mtazamaji anayeangalia tu. Mwongozo huu unakufundisha kuwa yule wa kwanza. Sitamtaja muuaji popote, kwa hiyo soma bila hofu.

Onyo moja kabla ya yote: hii si tamthilia ya kukaa na watoto sebuleni. Ndani yake kuna ukatili dhidi ya msichana, wa nyumbani na wa kingono, na haupakwi sukari.

Hatua ya 1: Pata toleo lenye sauti yake yenyewe

Afrika Mashariki tumekulia kwenye filamu za kutafsiriwa. DJ anaingia na sauti yake juu ya kila kitu, anasimulia, anatania, anampa mhusika jina la mtaani. Raha yake siikatai, na kwa filamu ya ngumi na bunduki inafaa kabisa. Lakini DJ akiongea, muziki unazama. Lynch alizoea kusema kwamba sauti ni nusu ya filamu, na kwenye Twin Peaks mimi nadhani alikuwa anapunja. Tafuta sauti ya asili ya Kiingereza na uweke manukuu kama unayahitaji.

Kwenye manukuu nako kuna mtego. Yapo ya kawaida, na yapo yaliyoandaliwa kwa ajili ya watu wasiosikia, ambayo huandika "muziki wa kutisha" au "muziki laini" kabla sauti yenyewe haijakufikia. Kama unasikia vizuri, kwa mara ya kwanza chagua ya kawaida. Ukiirudia tamthilia, washa yale mengine, maana yatakuonyesha vitu ambavyo masikio yako yaliviruka.

Halafu angalia urefu wa sehemu ya kwanza. Ile iliyorushwa Marekani ni kama saa moja na nusu. Kuna nyingine iliyotengenezwa kwa soko la video la Ulaya, imebandikwa mwisho wa kufunga hadithi ili iuzwe kama filamu kamili, na inakaribia saa mbili. Ukiona inakaribia saa mbili, iache. Itakutajia muuaji usiku wa kwanza, tena kwa namna isiyolingana na tamthilia yenyewe.

Namba za sehemu nazo zinachanganya. Wapenzi wa zamani huihesabu ile ya kwanza nje ya orodha, hivyo wanaposema sehemu ya 2 wanamaanisha ya tatu kurushwa. Programu nyingi za kutazamia zinaihesabu kama ya 1. Hapa nitafuata hesabu ya programu: msimu wa kwanza una sehemu 8, wa pili 22.

Hatua ya 2: Andaa masikio na chumba

Usiitazame kwa spika ya simu. Wimbo wa mwanzo unafunguliwa na noti nzito, za chini, zinazotembea polepole kama mtu asiye na pa kwenda, na spika ndogo ya simu haiwezi kuzitoa. Utabaki na vinanda vya juu vinavyoelea bila ardhi, na utajiuliza watu wanasifia nini. Earphone za waya za bei ya chini zinaishinda spika ya simu ya gharama yoyote. Za bluetooth nazo ni sawa, mradi midomo ya wahusika isiachane na sauti.

Kwenye televisheni bapa, spika mara nyingi ziko nyuma au chini, na sauti inakufikia baada ya kugonga ukuta au meza. Kama nyumbani kuna sabufa, iunganishe kwa waya, lakini kwanza shusha besi. Sabufa nyingi majumbani zimeachwa pale bongo fleva inapopenda, na kwa mpangilio huo gitaa la Badalamenti linageuka tetemeko la vyombo kabatini.

Ingia pia kwenye mipangilio ya sauti ya televisheni, uzime sauti ya mzunguko ya bandia (surround) na ile hali inayosawazisha sauti kubwa na ndogo. Imewekwa ili tangazo lisikushtue na mnong'ono usikike. Hapa ukimya umewekwa makusudi, na mlio unaoupasua umewekwa makusudi vilevile, kwa hiyo vyote vikilinganishwa utakula wali bila chumvi. Pandisha sauti hadi mazungumzo ya kawaida yasikike vizuri, kisha weka rimoti mbali.

Wakati wa kutazama ni usiku, taa zimezimwa, na si usiku wa mvua kama unaishi chini ya bati. Upepo wa misituni ni sehemu ya muziki wa tamthilia hii, na bati likianza hutausikia.

Kuhusu bando: kwa saa moja, video ya ubora wa kawaida hula hadi GB 1 hivi, na ya ubora wa juu hadi GB 3. Kama ni lazima ubane, bana picha, kwani sauti haiharibiki kiasi hicho. Tena picha za 1990 zilitengenezwa kwa televisheni za kichogo, zinavumilia. Bora zaidi, pakua mahali penye wifi ili duara la kusubiri lisije likakukata katikati ya wimbo.

Mwisho wa maandalizi: zima kitufe cha kujirusha kwenye sehemu inayofuata. Majina ya watengenezaji katika misimu ile miwili ya kwanza hupita juu ya picha ya Laura, ile ya shule, anatabasamu, huku muziki wake ukicheza. Dakika hiyo ni sehemu ya tamthilia. Programu ikikurukisha pale, imekunyang'anya pumzi ya mwisho.

Hatua ya 3: Usiruke utangulizi, hata mara moja

Mpenzi wa taarab hili halitamsumbua. Ameshazoea ala zitangulie, zichukue nafasi yao, mwimbaji akiwa bado hajafungua kinywa, na anajua kwamba muda huo ndio unaomtoa mtu kwenye shughuli zake na kumweka kwenye wimbo. Utangulizi wa Twin Peaks unafanya kazi hiyohiyo.

Angalia kilichomo: ndege mdogo juu ya tawi. Mabomba ya moshi ya kiwanda cha mbao. Mashine inayonoa meno ya misumeno, cheche zikiruka, lakini husikii kelele za chuma, unasikia muziki tu. Kibao cha kukaribisha wageni chenye idadi ya watu 51,201 (Lynch na Frost walikuwa na mji mdogo zaidi kichwani, wa watu 5,120, kituo kikataka mkubwa). Kisha maporomoko ya maji, na mto uliotulia. Hakuna mtu hata mmoja na hakuna damu, wakati tamthilia za polisi za enzi hizo zilifungua kwa ving'ora na magari.

Maporomoko hayo ni ya kweli. Ni Snoqualmie, katika jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani, yenye kimo cha mita 82. Hoteli iliyo juu yake ndiyo inayoonekana kwa nje kama Great Northern ya kwenye hadithi. Sehemu ya kwanza ilipigwa huko mapema 1989, kukiwa na baridi na unyevu, na unyevu huo hautoki tena hata pale sehemu zinazofuata zinapohamia studio za California. Muziki ndio uliobeba hali ya hewa ya Washington hadi studio.

Wimbo wenyewe ulikuwapo kabla ya tamthilia. Ni "Falling", maneno ya Lynch, muziki wa Badalamenti, sauti ya Julee Cruise, kutoka albamu iliyotoka 1989. Kwenye utangulizi maneno yameondolewa na zimebaki ala, na toleo hilo la ala lilishinda Grammy mwaka 1991. Zoezi la usiku wa kwanza ni dogo: funga macho mara moja wakati wa utangulizi, uone kama bado unauona mto.

Hatua ya 4: Sehemu ya kwanza, fuata muziki wa Laura

Hapa ndipo pa kutulia. Ukiuelewa muziki huu mmoja, mengine yote yatajifungua.

Badalamenti alisimulia mara nyingi jinsi ulivyozaliwa. Yeye alikuwa kwenye kinanda cha umeme cha Fender Rhodes, Lynch amekaa pembeni, hakuna picha hata moja iliyopigwa. Lynch akaanza kueleza: tupo kwenye msitu wa giza, upepo unapita kwenye miti, kuna mwezi, bundi analia. Badalamenti akaanza kugusa noti za chini, za huzuni, akizirudia. Lynch akamwambia iende polepole zaidi. Halafu akasema kwamba nyuma ya mti anatokea msichana mpweke, mzuri, anakuja upande wetu, anakaribia. Noti zikaanza kupanda. Anakaribia zaidi, zikapanda zaidi, hadi kilele, kisha msichana akarudi gizani na muziki ukashuka naye. Lynch akamwambia asibadilishe hata noti moja.

Kwa hiyo muziki huu una vyumba viwili. Cha chini ni kizito, noti chache zinazojirudia, wanakwaya wangesema maina. Cha juu ni kinanda kinachopanda ngazi kwa ngazi kuelekea kwenye mwanga, kinafika mahali pa juu kabisa ambapo kifua kinafunguka, halafu hakikai hapo. Kinarudi chini, kila mara. Ukiusikia, jiulize tupo chumba kipi.

Sasa itazame simu ya asubuhi. Mama yake Laura, Sarah, hajamwona binti yake chumbani. Anapiga huku na kule, mwisho anampata mumewe, Leland, hotelini, katikati ya mkutano wa biashara. Leland anamtuliza kwa sauti ya mume mwenye shughuli zake. Wakati bado ana simu sikioni, sherifu Truman anawasili. Hakuna aliyesema neno "amekufa". Leland anauona uso wa sherifu, anatamka jina lake, na upande wa pili Sarah anaelewa. Mkono wa simu unadondoka. Kamera haimfuati mtu, inashuka taratibu na waya uliojiviringa, na kilio cha mama kinatoka kwenye kile kipande cha plastiki kinachoning'inia. Muziki wa Laura upo hapo chini, unapanda.

Itazame mara mbili. Mara ya pili shusha sauti hadi mwisho uangalie picha tupu. Utaona watu wawili wanaongea kwenye simu. Kila kinachoumiza kwenye tukio hilo kinapitia masikioni.

Baadaye shuleni, kiti cha Laura kikiwa kitupu na msichana akikimbia uwanjani anapiga kelele, huhitaji tena kuelekezwa. Utashangaa tu ni muda mrefu kiasi gani Lynch anawaacha watu walie. Kwenye tamthilia za polisi familia hulia kwa sekunde chache ili mpelelezi aanze maswali. Hapa kilio kinaachwa hadi mtazamaji ajisikie vibaya, na wengine huanza kucheka bila kujua kwa nini. Usijilaumu ukicheka, muziki wenyewe unakaa kwenye huo mpaka.

Hatua ya 5: Zipe nyimbo majina yako

Baada ya sehemu mbili au tatu utagundua kuwa nyimbo si nyingi. Ni chache zinazorudi zikiwa zimevalishwa tofauti: mara kinanda peke yake, mara besi tu, mara zimepunguzwa mwendo hadi zinasikika kama zinatoka chini ya maji. Chukua daftari au simu, na kila ukisikia wimbo uliowahi kuusikia, uandikie jina lako mwenyewe na mtu aliyekuwepo. Usitafute majina rasmi bado.

Utakuta orodha inayofanana na hii. Wimbo wa mto, ule wa utangulizi. Wa Laura. Kisha ule wa jazi, wenye besi inayonyata, ngoma zinazopanguswa kwa brashi, na vidole vinavyoalishwa kwa mdundo. Huo wa tatu ndio mcheshi wao. Unamfuata Audrey Horne, binti wa mwenye hoteli, lakini pia unajitokeza watu wanapofanya siri ndogondogo. Ukiusikia, kuna mtu anacheza na kitu asichokijua.

Halafu kuna muziki wa mapenzi, mtamu kupita kiasi. Je, ni wa kweli au ni dhihaka? Ndani ya Twin Peaks kuna tamthilia nyingine, Invitation to Love, ya mapenzi na mapacha na makofi, ambayo wahusika wenyewe wanaitazama kwenye televisheni zao. Muziki wa huko na muziki wa mapenzi wa Twin Peaks ni ndugu. Lynch na Badalamenti wamekuachia uamue, na majibu yako yatabadilika kila usiku. Mimi naamini ni wa kweli, na kwamba dhihaka imewekwa ili sisi wenye aibu tupate pa kujificha.

Daftari litakuonyesha jambo moja kubwa: mtu anayeingia na wimbo usio wake. Hapo ndipo tamthilia inakunong'oneza. Siwezi kutoa mfano wa maana zaidi bila kukuharibia, kwa hiyo ishia kwenye kuandika.

Hatua ya 6: Jiulize muziki unatoka wapi

Kuna muziki unaosikika kwetu sisi watazamaji tu, na kuna muziki unaotoka ndani ya chumba cha wahusika: santuri, redio, jukwaa la baa. Twin Peaks inapenda kuuchezea mpaka huo, na sehemu ya tatu ya msimu wa kwanza ndiyo darasa zima.

Kwenye mgahawa wa Double R, Audrey anachagua wimbo kwenye mashine ya santuri, anasema anaupenda, anasimama na kuanza kucheza peke yake, macho yamelegea, wateja wapo na kahawa zao. Ni ule wimbo wa jazi. Uliudhani ni wa watazamaji tu, kumbe mji unao kwenye mashine! Tangu hapo huwezi tena kuwa na uhakika wanasikia nini.

Sehemu hiyohiyo, Leland anaweka santuri nyumbani: "Pennsylvania 6-5000" ya Glenn Miller, muziki wa dansi wa enzi za vita, wenye furaha tele. Anaichukua picha ya marehemu binti yake na kuanza kuzunguka nayo sebuleni, akiomboleza juu ya tarumbeta. Mke wake anaingia, wanavutana, kioo cha fremu kinapasuka, damu inapakaa kwenye uso wa picha. Hakuna hata noti moja ya huzuni, na nadra utaona msiba mzito kuliko huo kwenye televisheni.

Kisha, mwishoni, mpelelezi Dale Cooper anaota chumba chenye mapazia mekundu. Waigizaji walijifunza kutamka maneno kinyumenyume, wakarekodiwa, kisha picha ikarudishwa nyuma, ndiyo maana lugha inaeleweka na haieleweki. Mtu mfupi mwenye suti nyekundu anamwambia kwamba wanakotoka daima kuna muziki hewani. Halafu anacheza. Msikilize kwa makini: ameeleza tamthilia nzima.

Julee Cruise naye usimpite. Anaimba jukwaani kwenye baa ya Roadhouse tangu sehemu ya kwanza, sauti ya mnong'ono, wenye pikipiki na majaketi ya ngozi wakimsikiliza kimya kama wako ibadani. Anarudi kwenye sehemu ya 7 ya msimu wa pili, iliyorushwa tarehe 10 Novemba 1990, ambayo kwangu ndiyo kilele cha tamthilia yote. Usiku huo sikiliza sindano ya santuri iliyofika mwisho wa sahani, inayozunguka na kugonga, kugonga, kwenye nyumba ambayo hakuna anayeinuka kuizima. Halafu sikiliza wimbo unaoimbwa Roadhouse wakati huohuo. Watu kadhaa ukumbini wanaanza kulia na hawajui wanalilia nini. Muziki umewafikishia habari kabla ya simu.

Hatua ya 7: Sauti zisizo muziki

Hizi ni rahisi ukishazijua. Upepo kwenye misonobari. Maporomoko, yanayosikika hata ndani ya hoteli. Bundi. Feni ya dari kwenye ngazi ya nyumba ya akina Palmer: ikizunguka, acha unachokula. Na mvumo wa umeme kwenye taa na nguzo, ambao hapa mwanzoni ni mdogo lakini baadaye utakuwa mhusika kamili. Ukisikia umeme unaunguruma na si kwako TANESCO au Kenya Power wamerudisha, andika kwenye daftari.

Hatua ya 8: Albamu iingie lini

Albamu ya muziki wa tamthilia ilitoka 1990, ina nyimbo 11, tatu zikiwa na sauti ya Julee Cruise. Usianze nayo. Maliza msimu wa kwanza ndipo uisikilize, ukiwa jikoni au njiani, na ulinganishe majina rasmi na yale ya daftari lako. Yako mara nyingi yatakuwa bora.

Hatua ya 9: Kuvuka bonde la msimu wa pili

Muuaji akishashughulikiwa, katika sehemu ya 9 ya msimu wa pili, tamthilia inapoteza dira. Lynch alikuwa mbali kwa muda, hadithi za pembeni zikaota: mke tajiri barabarani, mashindano ya urembo. Muziki uleule unabandikwa kwenye matukio yasiyoustahili, na hapo utajua kwa masikio yako tofauti ya wimbo uliowekwa kwa makusudi na wimbo uliotupiwa tu. Tazama huku unapiga pasi, hakuna dhambi.

Ila rudi ukae vizuri kwa sehemu ya 22, ya tarehe 10 Juni 1991, ambayo Lynch aliiongoza mwenyewe. Ndani ya kile chumba chekundu anasimama mzee mwembamba na kuimba "Sycamore Trees". Ni Jimmy Scott, mwimbaji wa jazi ambaye hali ya kuzaliwa nayo iliiacha sauti yake juu, si ya kiume si ya kike, maisha yake yote. Wimbo unaachwa uende, na kwa dakika hizo tamthilia ya televisheni ya kibiashara, yenye matangazo ya sabuni katikati, inakuwa kitu ambacho hakuna kituo kingekubali kama kingeulizwa mapema.

Hatua ya 10: Filamu, kisha 2017

Filamu ya 1992, Fire Walk with Me, inasimulia siku za mwisho za Laura. Itazame baada ya misimu miwili, kamwe si kabla, kwa sababu haifichi chochote. Inafunguka kwa tarumbeta iliyozibwa na besi ya taratibu juu ya chenga za buluu za televisheni, kisha televisheni inavunjwa. Kuna tukio la ukumbi wa dansi ambapo muziki unapigwa kwa nguvu kiasi kwamba Lynch ameweka manukuu ili tujue watu wanasema nini, ingawa wanaongea Kiingereza. Usipunguze sauti hapo. Ndiyo maana umepelekwa.

Msimu wa 2017, sehemu 18 zote zikiongozwa na Lynch, utakushtua kwa ukimya. Nyimbo ulizozizoea zimefichwa, na badala yake kuna mvumo wa umeme na vyumba vitupu. Sehemu nyingi zinaishia Roadhouse, bendi ya kweli ikiwa jukwaani. Kwenye sehemu ya 7 mtu anafagia sakafu ya baa kwa zaidi ya dakika mbili, wimbo wa "Green Onions" ukicheza, basi, anafagia. Ukijikuta unatafuta rimoti, subiri, uone kama ufagio hautaanza kuingia kwenye mdundo. Sehemu ya 8 inatupeleka kwenye jaribio la kwanza la bomu la atomiki, New Mexico, tarehe 16 Julai 1945, na muziki wa Penderecki, mtunzi wa Poland, wa nyuzi zinazopiga mayowe. Hiyo ndiyo ya kuvalia earphone.

Njaa hiyo ya nyimbo za zamani imepangwa. Kwenye sehemu ya 4, Bobby, aliyekuwa mpenzi wa Laura na sasa ni askari mwenye mvi, anaingia chumba cha mikutano cha polisi na kuikuta ile picha ya shule mezani. Muziki wa Laura unarudi, uleule, vyumba vyake viwili. Aliyeruka majina ya mwisho kwenye misimu ya kwanza ataona mwanamume anajikunja uso. Wewe utakuwa umeshausikia makumi ya mara juu ya picha hiyohiyo.

Kama una wikiendi moja tu

Ijumaa usiku: sehemu ya kwanza peke yake. Jumamosi: sehemu ya 2 hadi ya 8 za msimu wa kwanza, ukipumzika kula baada ya ya tatu. Jumapili: msimu wa pili, sehemu ya 1 hadi ya 9, ukianza mapema maana ya 1 ni ndefu. Sehemu ya 22, filamu na msimu wa 2017 viache hadi upate wiki nyingine, na usivichanganye na kitu kingine usiku huo.